Kifaa cha Bei Nafuu cha Bi Sikudhani

Zamani, lakini si zamani sana, maana baadhi ya waliokuwamo bado wanapokea posho zake, palikuwa na nchi. Jina lake msiulize. Siku za mambo haya jina lilikuwa limebanduliwa kwenye mabango yote kwenda kukarabatiwa, na mpaka leo halijarudi.

Nchi hiyo ilikuwa na Mtukufu wake, naye Mtukufu alikwenda ng'ambo kutibiwa mafua. Alirudi baada ya miezi minne akiwa na kidude mkononi, urefu wa kidole cha kati. Alipofika kwenye ngazi ya ndege alikitia mdomoni, akavuta, akapumua, na wingu jeupe likamfunika mpaka kiunoni. Zimamoto mmoja mzalendo, aliyedhani kiongozi wake anaungua, alimfungulia mpira wa maji. Zimamoto yule alipandishwa cheo asubuhi kwa uzalendo na kufungwa jioni kwa uzembe, na katika nchi ile hakuna aliyeona kwamba mambo hayo mawili yanagongana.

Kesho yake likatoka tangazo. Taifa limeingia Enzi ya Mvuke. Mvuke ni ustaarabu, mvuke ni usafi, mvuke ni maendeleo yanayoonekana kwa macho. Kile kitu cha zamani, kile kinachotoka jikoni kuni zikiwa mbichi, kimekomeshwa. Na kwa kuwa hakipo tena, neno lake nalo halina kazi, kwa hiyo limefutwa. Atakayelitaja atakuwa anadai kwamba kitu hicho bado kipo, na anayedai hivyo anaiita serikali mwongo.

Likafutwa kweli. Vitabu vya darasa la pili vilipitiwa na wino mweusi. Watoto wakafundishwa methali mpya: pafukapo mvuke pana maendeleo. Watu wazima wakajizoeza kusema "kile cha juu", na hata hicho walikisema wakitazama nyuma. Kuni ziliendelea kuwa mbichi, majiko yaliendelea na tabia zao, ila sasa watu walifuta machozi bila kutaja sababu.

Kusimamia jambo hilo iliundwa Wizara ya Pumzi, akakabidhiwa Mheshimiwa Tambo. Huyu alikuwa mtu mnene wa sauti, na kauli yake ilikuwa sheria. Si kwa kumsifu tu. Ilikuwa sheria yenyewe. Popote alipokwenda alifuatwa na Karani Ngwali, mtu mwembamba mwenye daftari jekundu, na lolote lililotoka kinywani mwa Waziri likishaingia daftarini halikuweza kufutwa na yeyote, hata na Waziri mwenyewe.

Siku moja mbuzi beberu alisimama mbele ya gari lake, akakataa kupisha. Waziri akachungulia dirishani, akasema kwa dhihaka, "Haya, pita wewe, mkubwa." Ngwali akaandika. Tangu siku hiyo beberu yule akawa Mkubwa. Alipewa kiti cha mbele katika kila hafla, na mwavuli, na mtu wa kuushika, na ikawa mwiko kwa yeyote kuondoka kikaoni kabla Mkubwa hajainuka. Wananchi walimzoea upesi. Walisema wameshapata wakubwa wabaya kuliko huyo.

*

Nyuma ya soko la kuku aliishi Bi Sikudhani na mumewe, Mzee Mashaka. Walikuwa wameoana miaka arobaini na mmoja, na katika miaka hiyo yote Mzee Mashaka hakuingia jikoni ila kwa mambo mawili: kuonja mchuzi na kulalamika. Alikuwa na macho mepesi. Kuni zikianza vitimbi vyao, yeye machozi yalimtoka kama aliyefiwa, na alisema, na alisema tena. Bi Sikudhani aliizoea sauti ile kama mtu azoeavyo mlango wake unaolia bawaba. Siku usipolia, ndipo huinuka kutazama kuna nini.

Jumamosi moja Mzee Mashaka aliingia jikoni, akaonja mchuzi, akafumba macho, akamwambia mkewe kwamba kuna kitu kinamtoa machozi. Akakitaja kwa jina lake, wazi, kama mtu amwitavyo jirani. Kijiko hakijarudi chunguni, Bi Pili Masikio, mjumbe wa nyumba kumi, alikuwa keshabisha hodi, na nyuma yake vijana wawili wa Wizara.

Walimpeleka Tulia. Huo ulikuwa mji mpya, uliojengwa makusudi kwa watu waliolitamka lile neno. Wizara ilieleza mara nyingi kwamba Tulia si gereza. Ukuta wake ulikuwa wa kuzuia upepo, geti lake la kuzuia ng'ombe, na walinzi wake walikuwa hapo kwa ajili ya salamu.

Barua ikaja Jumapili. Bi Sikudhani alikuwa amesoma mpaka darasa la nne, na tangu alipotoka shuleni alikuwa na shaka na barua yoyote inayoanza kwa pongezi. Hii ilianza, "Hongera." Ilisema imegundulika kwamba kaya ya Mzee Mashaka haina kifaa cha mvuke, na ndiyo sababu mzee amepotoka. Kaya ikipata kifaa, na Waziri akakithibitisha katika Baraza la Alhamisi, mzee atarudishwa nyumbani. Isipopata, atakuwa mkazi wa kudumu wa Tulia, na mkewe atapewa Hati ya Ujane Usio na Marehemu.

Aliisoma sehemu hiyo ya mwisho mara mbili, akaikunja, akaikunjua, akageuza nyuma. Huko kilikuwa kimepigwa chapa kifungu cha tatu cha Sheria ya Pumzi: "Kila kaya iwe na kifaa kimoja kitoacho mvuke, chenye mahali pa kushikia, chenye ladha, kilichochaguliwa na anayeanza, kwa hiari yake mwenyewe, kabla ya Alhamisi."

Usiku huo jikoni palikuwa kimya. Alipuliza moto, akangoja alalamikiwe, na hakulalamikiwa na mtu.

*

Jumatatu alivaa buibui la safari, akaenda Duka la Taifa la Mvuke. Lilikuwa duka moja tu nchi nzima, ili wananchi wasibabaike kuchagua. Muuzaji wake aliitwa Shemeji. Wateja walimwita hivyo, polisi walimwita hivyo, Karani Ngwali alimwita hivyo. Shemeji wa nani, hakuna aliyeuliza, ingawa picha ya Mheshimiwa Tambo iliyotundikwa ukutani ilikuwa imepigwa siku ya harusi, na bibi harusi alifanana sana na Shemeji.

"Unaanza?" Shemeji aliuliza.

"Naanza, mwanangu. Nataka kitu cha bei ya chini, kinachofanya kazi."

"Vyote viwili kwa pamoja?" Shemeji akamtazama kwa jicho la pembeni, kama mtu aliyeombwa samaki asiye na shombo.

Akapanga vitu vitatu juu ya meza. Kimoja kilikuwa kama kalamu. Kimoja kama kiredio, chenye kioo cha kuonyesha namba. Cha tatu kilikuwa kifupi na chenye rangi za peremende, nacho, Shemeji alieleza, huvutwa mpaka kiishe kisha hutupwa. Bi Sikudhani akauliza kinatupwa wapi. Shemeji akasema swali hilo ni la Wizara nyingine.

Bi Sikudhani akakichukua kile cha kalamu, akakipima mkononi, akakisogeza sikioni, akakitikisa.

"Mama, hiyo si nazi."

"Najua. Ingekuwa nazi ningeshajua kama imeoza."

Basi ikabidi Shemeji amfundishe kama anavyofundishwa anayeanza. Ndani kuna betri, na betri huchajiwa. Juu ya betri kuna tangi, na tangi hujazwa maji ya mvuke, ambayo huuzwa kivyake. Ndani ya tangi kuna koili, kijiwaya kinachoyachemsha yale maji, nacho huungua kila baada ya wiki mbili, na kikiungua hununuliwa kingine. Chaja haimo kwenye boksi. Umeme wa kuchajia nao haumo, unapatikana Wizarani, siku za kazi, kwa maombi.

"Kumbe hiki cha rahisi ni mama mwenye watoto," akasema Bi Sikudhani. "Yeye humlipii kitu, bali unawalisha wanawe mpaka ufe."

Karibu na mlango alisimama mtu anayesoma gazeti lililogeuzwa juu chini. Mtu yule akatoa penseli.

Shemeji akainama, akashusha sauti, akawa kama mtu anayemwonea huruma. Akamwambia kwamba bei yenyewe ni jambo la kuangalia sana. Anayenunua cha ghali, Wizara itataka kujua fedha kazitoa wapi. Anayenunua cha kati ni mtu asiye na msimamo. Na anayenunua cha nafuu, huyo ndiye hasa, maana ni kama anatangaza kwamba maisha magumu.

"Wewe, mama, maisha yako magumu?"

Bi Sikudhani akalitazama lile gazeti lililosimama kwa kichwa.

"Laini, mwanangu. Kama uji wa mgonjwa."

*

Yakabaki maji na ladha zake. Shemeji akafungua kabati la kioo, chupa zimepangwa kama dawa za hospitali, na Bi Sikudhani akadhani sasa ndiyo itakuwa rahisi, kwa kuwa ladha ni kazi ya jikoni. Akanyoosha mkono kwenye embe.

"Embe lilikuwa rangi ya chama kile kilichofutwa," akasema Shemeji, bila hata kuinua macho.

Akasogeza mkono kwenye nanasi. Nanasi, akaambiwa, lina macho mengi, na wanaolipenda huulizwa wanamchungulia nani. Mnanaa ni baridi, na mtu wa baridi ni mtu aliyepoa kwa taifa lake. Karafuu ni ya wanaokumbuka zamani. Waridi ni mapenzi, na mapenzi kwa nani, ikiwa si kwa Mtukufu, na ikiwa ni kwa Mtukufu, Mama wa Taifa ana habari? Bi Sikudhani akauliza kama hakuna yasiyo na ladha kabisa. Hapo hata yule mtu wa gazeti aliinua kichwa. Yasiyo na ladha, Shemeji akasema polepole, ni ya mtu anayeficha kitu.

"Mwenye kuchagua salama huchagua nini?"

"Ladha ya Taifa. Imeisha."

"Na ukali? Kwa mtu anayeanza?"

Kulikuwa na kali, kali sana, na ya kuanzia. Ya kuanzia ilikuwa imeisha kabla duka halijaanza.

Bi Sikudhani akaomba anuse tu chupa moja. Alikuwa ameuguza watoto saba, akijua kikohozi cha mapafu na kikohozi cha kukwepa shule. Akanusa, akafumba macho, akanusa tena. Ilikuwa sharubati ya madukani iliyotiwa tone la ile dawa ya kuchua migongo. Alirudisha kizibo taratibu, kama mtu aliyefungua mlango wa chumba akakuta wenyewe wamo.

Mwisho kabisa Shemeji akamletea Fomu ya Anayeanza. Anayeanza alitakiwa kuthibitisha kwamba ana uzoefu wa miaka mitatu. Uthibitisho huo utiwe saini na mkuu wa kaya. Bi Sikudhani akasema mkuu wa kaya yuko Tulia. Shemeji akasema hilo halina shida, fomu itapelekwa Tulia. Tatizo ni kwamba wakazi wa Tulia hawaruhusiwi kushika kalamu mpaka kaya zao ziwe na kifaa.

"Na kifaa sipewi bila fomu."

"Umeelewa haraka," akasema Shemeji. "Wengi huchukua wiki."

*

Bi Sikudhani alirudi nyumbani na mafua, kwa kuwa foleni ilikuwa ya nje na mvua ilikuwa ya serikali. Ilikuja bila taarifa. Jumanne alilala. Bi Pili Masikio alipita dirishani mara tatu kumjulia hali na kutazama kama ana mvuke wa rangi yoyote. Mara ya tatu alimwuliza kama Hati ya Ujane angependa iwe na picha.

Jumatano kifua kikambana. Akafanya alilofanyiwa na mama yake, na mama yake na bibi yake: akachuma majani ya mwarobaini na mchaichai, akayachemsha kwenye sufuria kubwa, akaiweka chini, akakaa mbele yake, akajifunika blanketi gubigubi pamoja na sufuria. Akafunua kifuniko. Joto likampanda usoni. Jasho likamtiririka mpaka kwenye nyayo.

Na humo ndani ya blanketi, gizani, peke yake, Bi Sikudhani akaacha kuvuta pumzi kidogo.

Akatoa mkono nje, akapapasa, akaivuta ile barua. Akatoka, akakaa karibu na mlango, akakisoma kifungu cha tatu kwa kidole. Kifaa kimoja: sufuria. Kitoacho mvuke: alikuwa akilowa nao. Chenye mahali pa kushikia: masikio mawili, wakati kile cha Shemeji hakikuwa nalo hata moja. Chenye ladha: mwarobaini, na asiyeamini aonje. Kilichochaguliwa na anayeanza, kwa hiari yake, kabla ya Alhamisi. Ilikuwa Jumatano, saa kumi.

Taifa zima lilikuwa limeupigia makofi mvuke, likautungia sheria na wimbo, na hakuna aliyekumbuka kwamba ulikuwa chini ya blanketi la bibi yake.

*

Alhamisi mwenye mkokoteni alimsukumia mizigo yake hadi Ukumbi wa Pumzi: jiko la udongo, sufuria, dumu la maji, blanketi, kapu la majani, na mzigo wa kuni. Kuni zilikuwa mbichi. Kwa nini mwanamke aliyepika miaka arobaini na mmoja achague kuni mbichi siku kama hiyo, hilo mtamwuliza mwenyewe.

Mlinzi wa mlangoni alimwuliza hivi ni vitu gani.

"Kifaa changu, baba. Cha kujaza mwenyewe."

"Betri yake?"

Akamwonyesha kuni. Mlinzi akatafuta kwenye orodha ya vitu vilivyokatazwa, akaona kuni hazimo. Kuni zisingeweza kuwamo, kwani kuzikataza kungekuwa kukiri zinatoa nini. Akampisha.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa gundi, ili mvuke wa taifa usipotee nje. Mkubwa alikuwa kiti cha mbele, mwavuli juu yake. Mheshimiwa Tambo alisimama, akahutubu kwa robo saa kwamba mvuke ni mvuke kwa sababu ya kuwa kwake mvuke, na kwamba asiyeuona mvuke ni yeye mwenyewe asiyeonekana. Ngwali aliandika yote. Naibu Waziri, ambaye alikuwa ameusubiri ule uwaziri miaka miwili, alipiga makofi akihesabu makosa.

Likaitwa jina la Bi Sikudhani. Akaenda mbele, akatandika vitu vyake chini ya miguu ya wakubwa. Kapu la majani, kwa bahati tu, aliliweka mbele ya Mkubwa. Mkubwa akanusa, akaanza kula, na kwa jinsi alivyokuwa akila ilionekana hana mpango wa kuinuka.

Bi Sikudhani akapanga kuni, akatia kiberiti, akapuliza.

Moto haukuwaka. Kilichotoka kikatoka, kizito, cha kijivu, kikapanda mpaka dari, kikatambaa juu, kikakosa dirisha, kikaanza kushuka. Safu ya kwanza wakaanza kukohoa. Safu ya pili wakafunika nyuso kwa ratiba. Kila mtu alijua anaona nini, na ndiyo maana hakuna aliyesema.

"Bibi," akasema Waziri, machozi yakimchuruzika, "hii... hii ni nini?"

Ngwali akainua kalamu. Naibu Waziri akasogeza kiti chake ili asikie vizuri. Waziri akaiona kalamu, akakiona na kiti.

"Mheshimiwa, wewe ndiye bwana wa pumzi zote," akasema Bi Sikudhani, bado amepiga magoti akipuliza. "Mtu wa darasa la nne nikufundishe wewe? Labda nikuulize tu. Kitendawili."

"Tega," akasema Waziri. Neno lilimtoka kabla hajalifikiri, kama linavyomtoka kila mtu aliyelelewa na bibi. Ngwali akaandika: Tega.

"Mwana keshafika darini, mama bado hajazaliwa."

Hakuna mtoto wa miaka sita katika nchi ile asiyejua kitendawili hicho. Wapishi wanakijua, majambazi wanakijua. Mheshimiwa Tambo alikijua akiwa bado hajui kuvaa viatu. Jibu lilikuwa limemkalia ulimini, limemjaa puani, linamtoa machozi, na mbele yake kalamu ilikuwa inangoja.

"Mvuke," akasema.

"Umekosa. Mama wa mvuke ni maji, nayo yamo sufuriani tangu asubuhi. Amezaliwa zamani."

"Maendeleo."

"Hayajafika darini," akasema mtu mmoja nyuma, na hakuonekana ni nani, kwa hali ya hewa iliyokuwamo.

Waziri akatazama mlango. Mlango ulikuwa hatua kumi. Akamtazama Mkubwa. Mkubwa alikuwa bado na kichwa kapuni, majani ndiyo kwanza yamefika nusu.

"Basi nipe mji," akasema Bi Sikudhani.

Hiyo ndiyo desturi, wala haina mkubwa na mdogo: aliyeshindwa kutegua hutoa mji. Waziri akakohoa, akasema anampa Mgagani. Bi Sikudhani akasema hautaki, Mgagani hauna maji. Akampa Chanzo Kipya. Akasema Chanzo Kipya haujajengwa, ulifunguliwa tu. Akampa Njia Tatu. Akasema huo ameshapewa Shemeji.

"Unataka mji gani, bibi?" Waziri sasa alikuwa ameshika meza kwa mikono miwili.

"Mimi mtu mzima, Mheshimiwa. Mji wowote uliotulia."

"Chukua Tulia!" akasema Waziri. "Nakupa Tulia na vyote vilivyomo, ilimradi uzime hicho kifaa."

Ngwali akaandika, akaweka nukta, na kwa kuwa alikuwa mtu wa taratibu akasoma kwa sauti aliyoyaandika, kati ya kikohozi na kikohozi. "Waziri ametoa Tulia na vyote vilivyomo. Waziri amekitambua kitu hiki kuwa ni kifaa. Kimethibitishwa."

Hapo ndipo Mheshimiwa Tambo alipoona amesema nini. Akavuta leso, akajipangusa uso, na sauti yake ikawa laini kama ya mtu anayeita kuku siku ya sikukuu.

"Vizuri sana, bibi. Mji umepewa. Sasa tupe jibu. Kwa sauti, karani asikie."

Kalamu ikahamia upande wa Bi Sikudhani. Mtu wa gazeti alisimama nyuma ya nguzo. Vijana wawili wa Wizara wakasogea, wale wale wa Jumamosi.

Bi Sikudhani akainuka, magoti yakalia. "Aliyepewa mji," akasema, "huenda kwanza mjini kwake. Akala, akanywa, akawasalimu watu wake, ndipo akarudi na jibu. Mimi hivyo ndivyo nilivyofundishwa. Au Mheshimiwa alilelewa vingine?"

Hakuna Waziri anayekubali mbele za watu kwamba alilelewa vingine. "Hivyo hivyo," akasema. Ngwali akaandika: Hivyo hivyo.

Mkubwa akamaliza jani la mwisho, akainuka. Baraza zima likamfuata mbio.

*

Mlinzi wa geti la Tulia aliisoma kwa muda mrefu nakala ya daftari jekundu ambayo Bi Sikudhani alipewa na Ngwali, akitafuta pa kuishuku. Haikuwa na pa kushukiwa, na hilo ndilo lililomtia shaka zaidi. Mwisho akapiga saluti, akamwuliza mwenye mji anaamuru nini.

"Fungua, baba. Kisha na wewe nenda nyumbani ukale."

Waliokuwamo walikuwa zaidi ya mia nne: wapishi, wachoma mkaa, wafua vyuma, mwalimu mmoja wa darasa la pili aliyekataa wino mweusi, na yule zimamoto, aliyeulizwa siku ile alidhani ameona nini, akajibu. Walitoka taratibu, ubavu kwa ubavu na ukuta, maana mtu aliyefungwa kwa neno moja hujifunza kuyaogopa na mengine. Mzee Mashaka alikuwa wa nyuma. Alikuwa amekonda, na siku zote hizo alikuwa hajasema kitu, asije akakosea. Alipomwona mkewe hakukimbia. Alimtazama kanga, akamtazama mikono, akaanza kushuku kama kila mtu katika nchi ile.

"Umewapa nini?" akanong'ona. "Sikudhani, umenunua vile vidude?"

"Sijanunua."

Akasogea karibu, akanusa bega lake. Uso ukamkunjamana. Akafungua mdomo, akaufunga, akatazama huku na huku, na walio karibu naye wote wakatazama huku na huku.

"Sema," akasema Bi Sikudhani. "Hapa ni kwangu."

Mzee Mashaka akalitazama geti lililo wazi.

"Unanuka moshi," akasema.

Hakuja mtu. Hapakubishwa hodi. Yule mwalimu wa darasa la pili akalirudia kwa sauti ndogo, kama anayeonja chumvi, kisha zimamoto, kisha mwingine, mpaka likawa limezunguka ukuta wote na kurudi getini.

Wizara haikuweza kuuchukua tena mji, kwa kuwa kilichoandikwa kimeandikwa. Iliunda Tume ya Kitendawili, wajumbe kumi na wanne, mwenyekiti Naibu Waziri, kazi yake kulitafuta jibu bila kulitaja. Tume inakaa mpaka leo. Bi Sikudhani naye hajarudi kuwapa jibu. Anasema bado anawasalimu watu wake.

Anakaa Tulia, na kifaa chake kile kile. Kila asubuhi anapanga kuni, na kila asubuhi Mzee Mashaka anaingia jikoni, anaonja mchuzi, anafumba macho yake mepesi na kuanza: Sikudhani, moshi, Sikudhani, huu moshi utaniua. Analalamika mpaka ukoko ulike. Bi Sikudhani hupuliza moto, wala hamwambii anyamaze.